Mwenye Hospitali Ni Nani?

Ukimwuliza mtu yeyote hospitali ya umma ni mali ya nani, atakujibu bila kusita kwamba ni mali ya watu wote. Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshi. Nyumba yaweza kuwa yako kwa hati, na huku mwingine ndiye mwenye funguo, ndiye aamuaye nani aingie na nani angoje, nawe mwenye nyumba ukibisha hodi waambiwa uje kesho. Wasomaji wetu wapendwa, katika somo la juma hili twataka kuitazama tofauti iliyopo kati ya kuwa na hati na kuwa na amri. Mfano tuliouchagua ni wa mbali, jimbo la California katika Marekani. Tumeuchagua kwa sababu huko sheria iliziweka hospitali kadha mikononi mwa wakazi wazi wazi, hata mtu aweza kufuata hatua kwa hatua jinsi amri hiyo ilivyoponyoka, na jinsi ilivyorudishwa kwa taabu.

Mwaka 1945, vita vikuu vilipokuwa vikiisha, Baraza la Kutunga Sheria la California liliona kwamba sehemu nyingi za mashamba na miji midogo hazina hospitali, wala hapakuwa na mwenye mali aliyetaka kujenga mahali ambapo faida ni haba. Basi likapitisha sheria ya kuwaruhusu wakazi wa eneo lolote kupiga kura na kuunda wilaya ya hospitali. Wilaya hiyo si kama tuijuavyo sisi, yenye mkuu wake na mambo mengi ya kutawala. Shughuli yake ni moja tu, yaani matibabu. Yaweza kutoza kodi, kukopa, kujenga na kuajiri. Huongozwa na bodi ya watu watano waliochaguliwa na wakazi wenyewe kwa miaka minne. Tena, kwa sheria nyingine ya mwaka 1953, iitwayo kwa jina la mbunge Ralph M. Brown, bodi za namna hiyo hazina ruhusa ya kukata mashauri faraghani, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Yatakayojadiliwa hutangazwa mapema, milango huwa wazi, na mwananchi hupewa nafasi ya kusema kabla shauri halijakatwa. Twamwomba msomaji asiisahau sheria hiyo ya milango wazi, maana ndiyo kiini cha yote yanayofuata.

Kaskazini ya mji wa San Francisco, ukivuka daraja la Golden Gate, iko kaunti ya Marin. Wakazi wake waliunda wilaya yao mwaka 1946, na hospitali yao, Marin General, ilifunguliwa mwaka 1952 mahali paitwapo Greenbrae. Kwa zaidi ya miaka thelathini mambo yalikwenda kama sheria ilivyokusudia: wakazi waliichagua bodi, nayo bodi iliisimamia hospitali. Ndipo mwaka 1985 bodi ikaamua kuikodisha hospitali hiyo kwa shirika lisilo la faida lililoundwa kwa ajili ya kazi hiyo. Muda wa mkataba ulikuwa miaka 30.

Kwa nini watu waliochaguliwa kuilinda mali ya umma waitoe mkononi? Tusiwe wepesi kuwahukumu. Miaka ile hospitali za Marekani zilikuwa zimeanza kushindana vikali, zikigombea wagonjwa na mikataba ya makampuni ya bima. Katika wilaya nyingi za aina hii ilisemwa kwamba hospitali inayolazimika kueleza mipango yake hadharani haiwezi kushindana, kwa kuwa mpinzani wake aweza kuja mkutanoni na kalamu yake, akaketi mbele, akaandika kila neno. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Lakini tazama inadai nini: inadai kwamba kile kilichowafanya wakazi kuwa wenye hospitali, yaani ule mlango ulio wazi, ndicho kasoro ya kuondolewa.

Mwaka 1996 shirika lile la Marin, kupitia muungano liliokuwa limejiunga nao, likaingia chini ya Sutter Health, shirika kubwa lisilo la faida lenye makao yake Sacramento. Hapo amri ikahama. Hakuna aliyeuza kitu. Ardhi ilibaki ya wilaya, na ile bodi ya watu watano iliendelea kuchaguliwa kila uchaguzi ulipofika. Lakini ilikuwa kama mzee wa ukoo anayeamkiwa kwa heshima kila asubuhi, kisha mashauri ya ukoo yakakatwa pasipo yeye. (Hapa na tuongeze neno moja. Watu wengi wakisikia “shirika lisilo la faida” hutua moyo, wakidhani kwamba kitu hicho basi ni cha wote. Maana yake ni kwamba faida haigawiwi kwa wenye hisa. Nani ataamua, na nani ataulizwa, hilo ni swali jingine kabisa, nalo hujibiwa na katiba ya shirika na mkataba wake.)

Baadhi ya wakazi hawakuridhika. Walihudhuria mikutano ya bodi ambayo ilionekana haina tena la kuamua, wakauliza maswali, na wakosoaji wa mkataba wakagombea viti vya bodi, wengine wao wakashinda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya yenyewe ikaenda mahakamani kutaka mkataba wa mwaka 1985 ubatilishwe. Madai yake yalikuwa mazito: kwamba baadhi ya waliokuwa wakiitumikia wilaya wakati wa kufanya mkataba walikuwa na maslahi katika shirika lile jipya. Sheria ya California inamkataza mtumishi wa umma kuwa na maslahi katika mkataba anaoufanya kwa niaba ya umma.

Mwaka 2002 mahakama ya rufani ikatoa hukumu, na wilaya ikashindwa. Yafaa tukae kidogo kwenye hukumu hiyo, kwa kuwa mara nyingi husimuliwa vibaya. Mahakama haikusema kwamba mkataba ulikuwa mwema, wala haikusema kwamba madai yale yalikuwa ya uongo. Ilisema kwamba shauri la namna hiyo lina muda wake wa kufunguliwa, yaani miaka minne, na muda huo ulikuwa umekwisha pita zamani. Basi kosa, kama lilikuwapo, halikupimwa kamwe. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu ya hadithi iliyo na mafunzo mengi kuliko zote. Mwaka 1985 karatasi zilikuwapo. Wakazi walikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuzisoma kwa makini na kupaza sauti mapema, na mambo ya hospitali humchosha msomaji upesi. Nani apendaye kusoma kurasa za vifungu vya kukodisha? Miaka minne hupita haraka kuliko mtoto aanzaye shule anavyofika darasa la nne.

Mahakama ilipokwisha fungwa mlango, mambo mawili yaliusukuma mkataba. La kwanza ni wakazi wenyewe, ambao hawakuacha kupiga kelele na kupiga kura. La pili, ajabu kidogo, ni matetemeko ya ardhi. Mwaka 1971 tetemeko la San Fernando liliangusha majengo ya hospitali kusini mwa California, na watu wakafa humo walimokwenda kutafuta uzima. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuzitaka hospitali mpya zijengwe imara zaidi, na baada ya tetemeko la Northridge la mwaka 1994 sheria hiyo ikakazwa hata kwa majengo ya zamani. Basi swali likawa hili: jengo la Marin litajengwa upya kwa fedha za nani? Mpangaji ambaye muda wake wakoma mwaka 2015 ana sababu gani ya kujenga jumba la miaka hamsini katika kiwanja cha mwingine? Naye mwenye kiwanja hakuwa na ruhusa ya kuingia. Mwaka 2006 pande mbili zikapatana, na mwaka 2010 hospitali ikarudi kwa wilaya, miaka mitano kabla ya mkataba kuisha. Hata hapo haikurudi kwa amani kamili. Wilaya ilidai kwamba fedha nyingi za hospitali zilikuwa zimehamishwa kabla ya makabidhiano, na ugomvi huo ukaendelea baada ya funguo kukabidhiwa.

Wakazi hawakurudishiwa heshima tu, walirudishiwa na mzigo. Mwaka 2013 waliulizwa kama wako tayari kuibebesha wilaya deni la dola milioni 394 kwa hati za mkopo ambazo wao wenyewe wangezilipa kwa kodi ya majumba na viwanja vyao. Kura hiyo ilihitaji theluthi mbili, nayo ikapata zaidi ya hizo. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2020. Msomaji aweza kushangaa kusikia kwamba wilaya imekodisha tena uendeshaji wa hospitali hiyo, ambayo tangu mwaka 2019 huitwa MarinHealth. Ndiyo, imekodisha, na kwa miaka 30 vile vile. Lakini safari hii mkodishwaji ni shirika lililo chini ya wilaya yenyewe, na mwaka 2014 mkataba ulipelekwa kwanza kwa wapiga kura, nao wakaukubali. Sheria ya jimbo nayo ilikuwa imebadilika: wilaya haiwezi tena kuhamisha nusu ya mali yake au zaidi bila kura ya wakazi, na mashirika yaliyokodishwa hospitali za namna hiyo kwa mara ya kwanza baada ya tarehe 1 Januari 1994, yakipewa mamlaka ya wilaya, yamewekwa chini ya ile sheria ya milango wazi. Kuikodisha hospitali basi si dhambi. Inategemea nani aliulizwa, na nani aweza kuuliza kesho.

Hapa kwetu Tanzania hatuna wilaya za hospitali zenye kutoza kodi, wala hatudai kwamba nchi zote zifuate njia moja. Lakini milango tunayo. Kila halmashauri ina Bodi ya Huduma za Afya, na kila zahanati na kituo cha afya cha umma hutakiwa kuwa na kamati ya kukisimamia, yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wakazi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hutumwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kamati hizo zina sehemu katika kupanga na kuangalia matumizi yake. Ni familia ngapi zijuazo majina ya wajumbe wa kamati ya zahanati yao? Twajua kwamba mama anayengoja sindano ya mtoto hana nafasi ya kuuliza habari za akaunti. Hata hivyo dawa itakayokosekana mwezi ujao huenda inaamuliwa katika kikao cha mwezi huu, ambamo viti vya wananchi vimekaliwa na watu wawili wanaosinzia.

Wala tusimdanganye msomaji kwamba mlango wazi hutosha. Ng'ambo ya ghuba ile ile, upande wa mashariki, iko wilaya nyingine ya hospitali, ya Contra Costa Magharibi, yenye watu wengi wa kipato cha chini kuliko wa Marin. Hospitali yao ya San Pablo ilifunguliwa mwaka 1954. Nao waliikodisha, kwa kampuni ya Tenet, mwaka 1997. Kampuni ikairudisha mwaka 2004, hesabu zikiwa mbaya. Wagonjwa wao wengi walilipiwa na mipango ya serikali ya wazee na maskini, ambayo hulipa kidogo kuliko bima za wenye kazi nzuri. Wakazi walikubali kujitoza kodi ya viwanja mwaka 2004, na wakakubali tena mwaka 2011. Katikati ya hayo, mwaka 2006, wilaya ililazimika kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mwaka 2012 moto ulipozuka katika kiwanda cha kusafisha mafuta mjini Richmond, jirani na hapo, watu wapatao 15,000 walitafuta matibabu, wengi wakilalamika kifua na macho, na hospitali hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizowapokea.

Mwaka 2014 wakazi waliombwa kodi kwa mara ya tatu, na kura za ndiyo hazikufika theluthi mbili. Hospitali ikafungwa Aprili 2015. Hapo hapakuwa na mkataba wa siri, wala mpangaji mkaidi, wala mlango uliofungwa; mikutano ilijaa watu hadi mwisho, wauguzi na wagonjwa wakisimama mmoja mmoja kuitetea hospitali yao mbele ya bodi waliyoichagua. Mfuko ndio uliokuwa mtupu, na mipaka ya wilaya iliwafungia maskini peke yao, wajitoze wenyewe kwa wenyewe. Bodi iliendelea kuwapo bila hospitali, ikiuza mali na kulipa madeni, na mwaka 2016 ikarudi tena mahakamani kuomba kinga. Mwaka 2018 jimbo likapitisha sheria ya kuiondoa bodi iliyochaguliwa, na kuagiza kwamba wajumbe wa wilaya hiyo wateuliwe na baraza la kaunti.