Dawa ya shambani isimfikie mtoto

Vijana mnaolima nyanya na matikiti Nungwi kwa soko la hoteli, dawa mnayopuliza hurudi nyumbani kupitia nguo, chupa na maji. Mtoto anatambaa chini, anatia vidole mdomoni, na ubongo wake bado unakua. Hofu hiyo ilichangia Umoja wa Ulaya kuipiga marufuku klopirifosi mwaka 2020. Ukikuta chlorpyrifos kwenye lebo, iache dukani.

Fanya hivi:

1. Nikipita mashambani naona dawa imehamishiwa chupa ya soda. Acheni! Mtoto atainywa. Ibaki kwenye chupa yake, ndani ya kabati lenye kufuli.
2. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji yake yatie bombani, kisha itoboe.
3. Vua nguo za kupulizia na uoge kabla hujambeba mtoto. Zifuliwe peke yake.
4. Usioshe bomba karibu na kisima. Ardhi yetu ya mawe hupitisha maji haraka.
5. Vidukari wakiwa wachache, anza na mwarobaini: twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, puliza jioni.
6. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zifuate. Hotelini nyanya huoshwa kwanza. Mwanao huichuma na kuila pale pale.