Kijana anataka kuona makuta: tuanze na lengalenga



Kila mkutano ninasikia maneno yale yale: «Vijana wa leo hawapendi jembe, wanakimbilia machimbo na moto.» Mzee mmoja wa Kivu ya Kusini aliniambia hivyo juu ya mtoto wake. Nikamuuliza: Baba, mtoto alilima kwako misimu mingapi? Mitano. Na maharagi yalipouzwa, yeye alipata nini? Mzee akanyamaza. Ningekuwa mimi, ningekwenda pia.

Motari anashika makuta kila siku. Kahawa inaomba karibu miaka mitatu, muhogo karibu mwaka. Basi tumwanzishe kijana na kitu cha haraka. Tufanye hivi:

1. Apewe kipande chake, karibu na maji. Mita 10 kwa 10 inatosha kwa kuanza. Muandike karatasi mbele ya kamati: ni kwa miaka mingapi, na mavuno ni ya nani. Shamba likishakuwa zuri, baba asilinyang'anye.

2. Atengeneze matuta 4 yenye upana wa mita 1. Aweke samadi iliyooza vizuri. Ile mbichi inaunguza miche.

3. Asipande yote siku moja. Juma la kwanza tuta la kwanza, juma la pili tuta la pili, mpaka la nne. Lengalenga zinachukua karibu majuma 4. Juma la tano anavuna tuta la kwanza na kulipanda tena. Toka hapo, kila juma kuna kitu cha kupeleka sokoni. Kiangazi amwagilie asubuhi na jioni.

4. Awe na kaye: makuta yaliyotoka, makuta yaliyoingia. Mwisho wa mwezi ahesabu pamoja na wenzake.

5. Akiwa mtu mzima, aingie koperative kama mwanachama kamili, asiwe tu wa kubeba viti. Sheria ya OHADA, tunayoifuata Kongo tangu 2012, inampa kila mwanachama sauti moja, hata kama sehemu zake ni kidogo.

Lengalenga peke yake hazitamtajirisha. Lakini makuta yake ya kwanza yatanunua mbegu za maharagi, na kesho atakubali kungojea kahawa.

Kazi ya mkutano ujao: kila mzazi aseme mbele ya wote kipande gani atatoa, mbele ya msimu A kuanza mwezi wa 9.