Pesa Huingia Kila Siku? Panga Bajeti ya Wiki

Mafunzo mengi ya bajeti humlenga mtu wa mshahara: pesa inaingia mwisho wa mwezi, anaigawa, basi. Lakini kama wewe ni wa boda, mama mboga, fundi au mtu wa kibarua, pesa yako huingia kidogo kidogo, na ya leo si kama ya jana. Ukijaribu kupanga mwezi mzima, mpango unaharibika wiki ya kwanza tu. Kwa hivyo, panga wiki.

Hatua ya 1: Ijue wiki yako mbaya zaidi

Itisha taarifa ya miamala ya mwezi uliopita kwenye simu yako. Andika kila wiki iliingia pesa ngapi, kisha ongeza zile ulizolipwa mkononi. Ondoa gharama za kazi kwanza, kama mafuta ya pikipiki au pesa ya kununua mboga sokoni. Hizo ni za biashara, usizihesabu kama zako.

Tuseme mwendesha boda amebaki na shilingi 5,200, 3,800, 4,600 na 3,500 kwa wiki nne. Wastani ni 4,275. Akipangia wastani huo, wiki mbili kati ya nne atakopa. Akipangia 3,500, hata wiki mbaya inamtosha.

Hatua ya 2: Kata bili kubwa ziwe za wiki

Bili zinazotuangusha ni zile zinazokuja kwa mkupuo: kodi ya nyumba, karo, SHA. Kwa asiye na mwajiri, mchango wa SHA hulipwa wa mwaka mzima, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kutoa 3,600 kwa siku moja ni ngumu, lakini kuweka 70 kila wiki kunawezekana.

Wiki ya 3,500 inaweza kugawanywa hivi:

- Kodi ya nyumba (4,000 kwa mwezi): 1,000
- Chakula (200 kwa siku): 1,400
- Tokeni za stima na maji: 200
- Karo: 300
- SHA: 70
- Airtime na bando: 130
- Akiba ya dharura: 200
- Mengineyo: 200

Pesa ya kodi, karo na SHA usiiache kwenye salio la kawaida, maana ukiiona utaitumia. Ihamishe kwenye akaunti ya akiba siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Ipe kazi pesa ya wiki nzuri

Yule wa boda alipata jumla ya 17,100 na mpango wake unahitaji 14,000. Kuna 3,100 zaidi. Hapa ndipo wengi tunapotezea: wiki ikiwa nzuri, tunajiachilia. Amua mapema. Nusu iende kwa dharura, kama vile tairi kupasuka, mtoto kuugua au mvua kukuzuia kutoka. Nusu nyingine ilipe deni, na kama huna deni, iende chama au sacco.

Hatua ya 4: Ziba mianya

Angalia tena ile taarifa yako, safari hii kwenye ada. Tuseme ada ya kutoa pesa ni 29, iwe unatoa 500 au 2,500. Ukitoa 500 mara tano, umelipa 145. Ukitoa 2,500 mara moja, umelipa 29. Hiyo 116 ni SHA ya wiki nzima na chenji inabaki. Dukani, ukiweza, lipa moja kwa moja kwa simu badala ya kutoa kwanza.

Uangalie pia mkopo wa Fuliza au wowote unaokatwa pesa inapoingia. Mteja akikutumia 500 na unadaiwa 400, utapata 100, na mpango wa siku umevurugika. Hesabu deni hilo kama bili ya kwanza ya wiki mpaka liishe.

Jumapili jioni chukua dakika kumi: wiki hii iliingia ngapi, imeenda wapi, na ijayo ina bili gani? Wiki ikiharibika, usitupe mpango wote. Anza tena Jumatatu. Hata ukianza na ile 70 pekee, anza nayo. Akiba haiozi.