Maonyesho ya Muda: Ni Nani Aliyeachwa Nje ya Kisa?

Wengi wetu tumekwisha kufika katika Makumbusho ya Dk. Livingstone hapa kwetu Ujiji. Tumeziona sanamu mbili, Livingstone na Stanley wakiamkiana, na mnara wenye tarehe ya 10 Novemba 1871. Vitu kama hivyo huitwa maonyesho ya kudumu. Ukirudi mwakani utavikuta pale pale.

Somo letu ni juu ya aina ya pili, yaani maonyesho ya muda. Haya hufunguliwa kwa wiki au miezi kadhaa, kisha hufungwa. Sababu moja ni kwamba makumbusho huwa na vitu vingi kuliko nafasi, tena picha na karatasi za zamani huharibiwa na mwanga, hazifai kuanikwa mwaka mzima. Lakini sababu kubwa ni hii: maonyesho ya muda hutoa nafasi ya kuuliza swali jipya juu ya vitu vya zamani.

Tuchukue mfano unaotuhusu. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ndiyo iliyowatuma Burton na Speke, wakafika Ujiji mwaka 1858. Mwaka 2009 jumuiya hiyo hiyo ilifungua maonyesho ya muda kuhusu historia zilizofichika za safari kama hizo. Ilitoa picha na maandishi kutoka hazina yake yenyewe, ikauliza: ni nani waliowaonyesha wasafiri njia, wakawafasiria na kuwabebea mizigo?

Mmoja wao ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani na kupelekwa India. Aliporudi Afrika alizungumza na Burton na Speke kwa Kihindustani. Alifika nao Ujiji 1858, akaja tena na Stanley 1871, na mara ya tatu na Cameron 1874. Mara tatu! Na Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyemwahi Stanley njiani na kumwamkia kwa Kiingereza. Tukisema tu kwamba Wazungu wawili walikutana chini ya mwembe, wote hawa tumeshawaacha nje.

Maonyesho madogo ya siku mbili hata madrasa yetu inaweza kuyafanya, inshaallah. Meza chache zatosha, na picha za mababu au barua zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Barua ya asili ibaki nyumbani, ioneshwe kopi. Kitu cha kuazima kiandikiwe jina la mwenyewe na siku ya kukirudisha, kwani ni amana (rejea Suratun-Nisaa, aya ya 58).

Zoezi:
Chagua kitu kimoja cha zamani nyumbani kwenu. Waulize bibi na babu kilitoka wapi, nani alikitumia na mwaka gani. Kisha kiandikie maelezo ya mistari mitano, na usisahau kutaja jina la aliyekusimulia, kama ameridhia.