Mashahidi Wanne, au Utaratibu? Unyanyasaji Kazini Katika Fiqhi na Sheria



Binti wa shangazi yangu alipata kazi ya usafi katika ofisi moja mjini Kismayu. Kwetu ni Chula, ambako ukiondoa bahari hakuna kazi, kwa hiyo nyumba nzima ilifurahi. Baada ya miezi michache akaacha. Msimamizi wake alikuwa akimtaka, na kila akikataa anatishiwa kufukuzwa. Ami yetu alipokwenda kulalamika aliambiwa alete wazee wa ukoo wake wakae na wazee wa mtu yule. Sisi Wabajuni wazee tunao, ila katika baraza lile hawana uzito. Shauri likaishia mlangoni.

Nimelikumbuka kwa sababu mwezi uliopita, tukisoma jinai, ndugu mmoja alisema dada anayelalamikia kusumbuliwa alete mashahidi wanne ama anyamaze. Siku ile sikuwa na jibu. Nimekwenda kusoma.

Mashahidi wanne wametajwa katika Suratun-Nur, aya ya 4, na wanadaiwa kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi kwa zinaa. Aya inalinda heshima ya mwanamke. Sisi tumeigeuza kufuli la mdomo wake. Anayesema “amenishika kwa nguvu” au “amesema nikikataa nitafukuzwa” hajamtuhumu mtu zinaa. Shauri lake ni la taaziri, yaani makosa ambayo adhabu yake imeachiwa kadhi. Hayo huthibitishwa kwa kukiri, kwa mashahidi wa kawaida, na kwa mujibu wa Ibn al-Qayyim hata kwa qarina, dalili za mazingira. Kwa maoni yangu ujumbe wa simu unaingia humo. Anayelalamika naye aseme lililotokea, asizidishe, maana kusingizia ni dhambi nzito.

Sasa tutazame sheria za hapa Kenya tunakosoma. Zamani makosa haya yaliwekwa katika Kanuni ya Adhabu, chini ya makosa dhidi ya maadili. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 23, ikamlenga mwenye mamlaka anayeendelea kumtaka mtu huku akijua hatakiwi: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Mwaka uliofuata Sheria ya Ajira ikaenda mbali zaidi, ikaigusa taasisi yenyewe. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ashauriane nao, kisha atoe sera ya maandishi: unyanyasaji wa kingono ni nini, mtu apeleke wapi malalamiko, na jina lake lisitolewe ila pale uchunguzi unapolazimu. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi, pamoja na wa lugha na kabila, na mwajiri akishtakiwa kwa ubaguzi, ni juu yake kuthibitisha kwamba haukutokea.

Hapo ndipo nilipomfikiria binamu yangu. Sera kama hiyo haiulizi wewe ni wa nani.

Kwetu Somalia, Katiba ya Muda ya 2012, ibara ya 11, iliandika usawa bila kujali jinsia, ukoo wala hata lahaja (nilipoona neno lahaja nilicheka peke yangu maktabani, nikakumbuka Kibajuni chetu). Ibara ya 24 ikampa mfanyakazi, hasa mwanamke, haki ya kulindwa na unyanyasaji wa kingono kazini. Lakini Mswada wa Makosa ya Ngono uliopita Baraza la Mawaziri mwaka 2018 ulikwama bungeni, na ule ulioletwa 2020 badala yake ulipingwa vikali, hata na Umoja wa Mataifa, kwa kufungua njia ya ndoa za watoto. Puntland walikuwa wameshapitisha sheria yao 2016. Kwingineko mashauri mengi humalizwa na wazee kwa heer, sheria ya mila, na fidia hupita mikononi mwa koo. Asiye na ukoo mkubwa anarudi nyumbani.

Someni tena Suratul-Qasas, aya ya 23 na kuendelea. Wasichana wawili wa Madyan wako kazini, wamejitenga na wanyama wao mpaka wachungaji wanaume waondoke. Nabii Musa, amani iwe juu yake, hakuwaambia wakae nyumbani. Aliwauliza wana nini, akawanyweshea. Na yeye alikuwa mgeni pale, hana ukoo.

Jumuiya yetu haijaajiri watu 20, basi kifungu cha 6 hakitubani. Lakini tuna viongozi, tuna safari za daawa, tuna dada wanaopigiwa simu usiku “kwa kazi za jumuiya”. Katiba yetu inasema malalamiko yapelekwe kwa amiri. Na anayelalamikiwa akiwa amiri?

Nimeandika rasimu ya kifungu: wapokeaji wawili, mmoja dada, wote nje ya kamati kuu, siri ilindwe, mlalamikaji asiulizwe kabila wala atokako. Iko kwa katibu. Mwenye nyongeza ampelekee kabla ya mkutano mkuu, in shaa Allah.