Tumefungwa: Kiambishi cha Nafsi na Uaminifu wa Shabiki wa Nakuru

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kitenzi cha lugha hii, aghalabu, hakisimami bila kiambishi cha nafsi au cha ngeli. Hulijifunza jambo hilo kama kanuni, akalijibu katika mtihani, kisha akalisahau. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kanuni hiyo humtia shabiki wa kandanda katika jaribu kila timu yake inaposhindwa, na kwamba namna anavyolijibu jaribu hilo ni sehemu kubwa ya kile tukiitacho uaminifu. Uchunguzi wetu umejifunga katika mji mmoja, Nakuru, na timu moja, Nakuru AllStars. Timu hiyo imechaguliwa kwa sababu nyepesi: shabiki wake amekuwa na mengi ya kuvumilia.

Imefungwa, wamefungwa, tumefungwa

Hebu tuzitazame sentensi hizi, ambazo zote hutoa habari moja:

(1a) AllStars imefungwa.
(1b) AllStars wamefungwa.
(1c) Tumefungwa.

Katika (1a), timu imewekwa katika ngeli ya I-ZI. Ni kitu, kama vile kampuni au shule. Katika (1b), timu ni watu, lakini ni watu wengine. Magazeti yetu hutumia njia hizi mbili kwa kupokezana, na msomaji wa kurasa za michezo za Taifa Leo atakuwa amezizoea timu zinazolimwa, kunyukwa na kupepetwa katika ngeli zote mbili. Ni katika (1c) pekee ambapo msemaji mwenyewe ameingia ndani ya kitenzi. Jina la timu halihitajiki tena, maana anayesikia anatarajiwa kujua ni akina nani waliofungwa.

Ipo pia njia ya nne, ile ya hu- ya mazoea: "AllStars hufungwa tu." Hapa kiambishi cha nafsi kimetoweka kabisa, na pamoja nacho ule uchungu wa leo. Aliyekata tamaa huipenda hu-, kwa kuwa hubadilisha msiba kuwa desturi. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba ameitumia mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka.

Yafaa tukumbuke kwamba suala hili si la Kiswahili peke yake. Mnamo 1976, Robert Cialdini na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Marekani. Waligundua kwamba Jumatatu iliyofuata ushindi wa timu ya chuo, wanafunzi wengi zaidi walivaa mavazi yenye jina au nembo ya chuo chao. Waliposimulia matokeo kwa simu, walielekea zaidi kutumia nafsi ya kwanza wingi kwa mechi zilizoshindwa na timu yao kuliko zile ambazo haikushinda. Kwa istilahi zetu, tu- ilipanda na ushindi. Tofauti ni kwamba Mwingereza anaweza kusimulia mechi nzima kwa vijisehemu vya sentensi visivyotaja nafsi, ilhali Mswahili, akishafungua kinywa na kutumia kitenzi, huwa karibu kila mara amekwisha kuchagua.

Ndani ya matatu ya Njoro

Msimu wa 2015, jioni moja baada ya mechi katika Uwanja wa Afraha, mwandishi alipanda matatu ya kurudi Njoro. Kijana aliyeketi nyuma aliulizwa matokeo na abiria aliyekuwa ametoka sokoni, akajibu, "Wamefungwa." Mzee mmoja aliyevaa koti la zamani aligeuka, akauliza, "Wamefungwa akina nani, kijana wangu? Si wewe nilikuona jukwaani?" Kijana akacheka. "Basi, mzee, tumefungwa." Mzee akaridhika na kuendelea kutazama dirishani.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kinagusa sifa muhimu ya sarufi yetu. Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" isiyomjumuisha. Kijana aliposema "tumefungwa", yule abiria wa sokoni, ambaye hakulipa kiingilio wala hakuona mpira, naye alijikuta amefungwa. Hakulalamika.

Tulichukua ligi

Ushindi huleta swali jingine, la wakati. Nakuru AllStars ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa ya Kenya, mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Ilitwaa tena ubingwa mwaka 1969. Tangu hapo haijautwaa. Ilitoweka katika ligi kuu kwa miongo mingi, ikafufuliwa, ikarejea katika muongo wa 2010, kisha ikashushwa daraja mwishoni mwa msimu wa 2015.

Na bado mtu aliyezaliwa miaka ishirini baada ya 1969 husema bila kusita, "Tulichukua ligi ya kwanza." Mwalimu mkali wa sarufi angeuliza: nyinyi nani? Lakini hapa tu- inafanya kazi ile ile inayofanya katika "tulipata uhuru 1963". Ni nafsi inayorithiwa. Mrithi huyu wa tu- ya 1963 hurithi pia tu- ya 2015. Hawezi kuichukua ya kwanza na kuiacha ya pili pasipo kuonekana mdanganyifu. Hapa ndipo tunapoliona tofauti lile baina yake na aliyesogea tu karibu na mshindi. Aliyetaka kombe hakuhitaji kwenda mbali, kwani Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyowahi kuwa na makao Nakuru, ilitwaa ubingwa mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, nyakati ambazo AllStars haikuwamo katika ligi kuu. Wanaraga wa Nakuru nao walitwaa Kombe la Kenya mwaka 2013 na 2014. Hatusemi kwamba wapenzi wa timu hizo si waaminifu. Twasema tu kwamba ushindi hautupi data ya kuupima uaminifu wao.

Lugha yenyewe ina jambo la kuongeza. Kitenzi "shinda" kina maana mbili: kupata ushindi, na kukaa mahali mchana kutwa. Shabiki anayewahi Afraha asubuhi na kuondoka jua likitua ameshinda uwanjani, hata kama timu imeshindwa. Hatudai kwamba wazee waliounda lugha walimfikiria mtu huyu, lakini walimwachia neno.

Sisi na wao

Haitakuwa haki kuandika juu ya tu- na wa- katika Bonde la Ufa la kati bila kutaja Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, machafuko yalifika Nakuru na Naivasha. Waliofurushwa makwao walipiga kambi katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru na katika Afraha yenyewe, mahali ambapo hapo awali watu walienda kushangilia. Katika majuma hayo, viambishi hivi viwili havikuwa suala la darasani. Jina la ukoo au lafudhi ya mtu ilitosha kumhamisha kutoka tu- hadi wa-.

Kandanda haikuzuia lolote kati ya hayo, na makala haya hayataki kuipa sifa isiyo yake. Hata hivyo, inafaa kutazama jina. Miongoni mwa mabingwa wa miaka ile ya kwanza walikuwamo Luo Union na Abaluhya, iliyokuja kuitwa AFC Leopards. Majina hayo yalitangulia kutaja jamii kabla ya kutaja mchezo. Jina la timu ya Nakuru lilitaja mji, na mji huo ni wa Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi na wengineo. Tu- ya AllStars hakuna aliyezaliwa nayo. Kila mmoja aliitwaa kwa hiari, na katika miaka ya kushindwa hakupata chochote kwa kuishikilia: si kazi, si ardhi, si kura.

Kazi kwa msomaji

Mwanafunzi anayetaka kuuendeleza uchunguzi huu hahitaji vifaa vingi. Aketi katika matatu, au katika kibanda cha chai, jioni ambayo timu ya mtaa wake imefungwa, aandike vitenzi anavyovisikia, na kando ya kila kimoja aandike kiambishi kilichotangulia. Asikilize hasa zamu inapofika ya wakati ujao. Yule mzee wa koti la zamani, alipokuwa akishuka Njoro, aliulizwa na kondakta kama timu itaponea daraja msimu ule. Alitafuta sarafu mfukoni kwanza. "Hatutapona," akasema, "lakini Jumapili tunacheza saa tisa."