SOMO LA SOKO: Kuhama aina ya simu, bei ya dukani si gharama yote

Mnunuzi anayekwenda dukani kutafuta simu mpya baada ya ile ya zamani kuchoka hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni bei. La pili ni kama abaki na aina ileile aliyoizoea au ahamie nyingine. Swali la kwanza hujadiliwa sana, na punguzo hudaiwa mpaka shilingi ya mwisho. La pili wengi hulijibu kwa mazoea au kwa kufuata mkumbo, ingawa ndilo linaloweza kula fedha za mlaji bila yeye kuona.

Kwa mfanyabiashara mdogo jambo hili si la anasa. Simu ndiyo daftari la wateja, ndiyo kamera ya kupigia picha bidhaa, na ndiyo sanduku la kumbukumbu za madeni na oda. Akikosea kuchagua, hasara yake haiishii kwenye bei aliyolipa. Somo la wiki hii linaeleza namna ya kuipima hasara hiyo kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Gharama ya kuhama

Wachumi wana jina la mzigo anaoubeba mnunuzi anapoacha muuzaji mmoja na kwenda kwa mwingine: gharama ya kuhama. Mwaka 1987 mchumi wa Uingereza, Paul Klemperer, alichapisha uchambuzi wa masoko ya namna hiyo. Alieleza kuwa penye gharama kubwa ya kuhama, wauzaji hushindana kwa bei nafuu ili kumpata mteja mpya, kisha huweza kumtoza zaidi akishazoea na kuona ugumu wa kuondoka. Bei ya kumkaribisha mteja na bei ya kumvuna si lazima zilingane.

Mfano wa karibu ni namba za simu. Zamani, kuhama mtandao kulimaanisha kupoteza namba inayojulikana na wateja wote. Machi 2017 Tanzania ilianza utaratibu wa kumruhusu mteja kuhama mtandao huku akibaki na namba yake. Bei za mitandao hazikubadilika kwa sababu ya hatua hiyo pekee, lakini kizuizi kimoja cha kuhama kiliondolewa.

Kwa upande wa aina za simu mambo bado hayajawa mepesi kiasi hicho. Machi 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya kampuni ya Apple, ikidai pamoja na mambo mengine kwamba kampuni hiyo huwawekea watumiaji ugumu wa kuhamia simu nyingine. Apple imeyakana madai hayo. Mnunuzi wa Kariakoo au Mwanza hana sababu ya kusubiri hukumu ya kesi hiyo. Hesabu ya gharama ya kuhama anaweza kuifanya mwenyewe.

Aina na mfumo ni vitu viwili

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchanganya aina ya simu na mfumo unaoiendesha. Samsung, Tecno, Infinix, itel na Redmi ni majina tofauti, lakini simu janja zao huendeshwa na mfumo mmoja wa Android. iPhone ina mfumo wake peke yake, iOS.

Anayetoka Samsung kwenda Tecno amebadili jina la kampuni na mpangilio wa vitufe, lakini duka la programu ni lilelile na akaunti ya Google ni ileile. Anayetoka Infinix kwenda Tecno amehama kidogo zaidi, kwa kuwa aina hizo mbili, pamoja na itel, ni mali ya kampuni moja ya China, Transsion, na huhudumiwa na mtandao mmoja wa mafundi. Anayetoka Android kwenda iPhone, au kinyume chake, ndiye anayehama kweli, na ndiye anayepaswa kukaa chini na kalamu.

Vitu vinavyogharimu

Gharama ya kuhama ina sehemu nne zinazoonekana mara nyingi.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Namba za wateja zilizohifadhiwa kwenye akaunti ya Google hufuata simu yoyote ya Android, na huweza kuingizwa kwenye iPhone pia. Zilizohifadhiwa ndani ya simu yenyewe hazihami bila kuhamishwa. Mazungumzo ya WhatsApp yanahitaji uangalifu zaidi. Nakala ya akiba ya Android hukaa kwenye hifadhi ya Google, ya iPhone hukaa iCloud, na mfumo mmoja hausomi nakala ya mwingine. Njia ya kuhamisha kutoka iPhone kwenda Android ilianza mwaka 2021 kwa simu za Samsung, na ya kutoka Android kwenda iPhone mwaka 2022. Anayehamia iPhone kwa njia hiyo hutakiwa kufanya kazi hiyo wakati simu ikiwa mpya au imefutwa kabisa. Wengi hugundua sharti hilo baada ya kuianza kuitumia simu, na hulazimika kuanza upya.

Ya pili ni programu zilizolipiwa na nafasi ya kuhifadhi. Programu iliyonunuliwa katika duka la Google hainunuliki mara moja kwa mifumo yote. Upande wa Apple hulipiwa tena. Aidha, Google hutoa GB 15 za kuhifadhi bure, wakati iCloud hutoa GB 5. Mwenye picha nyingi za bidhaa atajaza hizo 5 mapema na kuanza kulipa kila mwezi.

Ya tatu ni vifaa. Kava na kioo cha kulinda hununuliwa upya karibu kila mara. Chaji hutegemea. iPhone zilizotoka kabla ya iPhone 15 ya Septemba 2023 hutumia waya wake wa pekee, na kuanzia iPhone 15 zinatumia waya wa USB-C kama simu nyingi za Android.

Ya nne ni muda na fundi. Siku ya kuhama ni siku ya biashara iliyopungua. Halafu kuna swali la kioo kikivunjika: je, fundi wa mtaani ana kioo cha aina hiyo, na kwa bei gani? Bei ya kioo iulizwe kabla ya kununua simu, si baada ya kuidondosha.

Visivyopaswa kuhesabiwa

Kuna mambo mawili ambayo wanunuzi huyaingiza kwenye hesabu bila sababu. Moja ni fedha ya mobile. Akaunti ya M-Pesa au Airtel Money imefungwa kwenye laini, si kwenye simu. Laini ikihamishiwa simu nyingine, salio liko palepale, na menyu ya *150*00# hufunguka hata kwenye simu ya tochi.

La pili ni fedha iliyokwishatumika. Mtu husema, "Nimenunua aina hii mara tatu, siwezi kuiacha sasa," au hung'ang'ania simu mbovu kwa kuwa aliinunua ghali. Fedha hiyo imekwenda, ahame asihame. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinachohesabiwa ni kitakacholipwa na kitakachopatikana kuanzia leo.

Umri wa simu

Simu huzeeka kwa njia mbili: betri na kioo kwa upande mmoja, programu kwa upande mwingine. Kampuni ikiacha kutoa maboresho ya usalama, simu haizimi siku hiyo, lakini programu huanza kuikataa moja baada ya nyingine. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.

Ahadi za kampuni hazilingani. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024 ziliahidi miaka 7 ya maboresho. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipokea toleo jipya la mfumo mpaka la mwaka 2021. Simu nyingi za bei ya chini huahidiwa muda mfupi zaidi. Ndiyo maana bei haina maana mpaka igawanywe kwa miezi ya matumizi.

Mfano wa muuza vitenge

Chukulia muuza vitenge wa Kariakoo ambaye simu yake ya Android imejaa na betri haifiki jioni. Ana njia tatu mbele yake. Bei hizi ni za mfano tu, kwa ajili ya somo.

Njia ya kwanza ni kubaki na aina yake. Simu ni sh. 450,000, kava na kioo cha kulinda sh. 15,000. Jumla sh. 465,000. Baada ya miezi 36 anatarajia kuiuza sh. 105,000. Gharama halisi ni sh. 360,000, sawa na sh. 10,000 kwa mwezi.

Njia ya pili ni aina nyingine ya Android iliyo rahisi zaidi. Simu ni sh. 400,000, kava na kioo sh. 20,000. Jumla sh. 420,000. Lakini maboresho yake yamebakiza miezi 24 tu, na hapo itauzwa sh. 60,000. Gharama halisi ni sh. 360,000 ileile, ila kwa miezi 24 inakuwa sh. 15,000 kwa mwezi. Simu iliyokuwa rahisi kaunta imekuwa ghali kwa nusu nzima.

Njia ya tatu ni iPhone iliyotumika. Simu ni sh. 840,000, chaji, kava na kioo sh. 60,000, betri mpya baadaye sh. 100,000, na siku moja ya biashara iliyopotea wakati wa kuhama sh. 40,000. Jumla sh. 1,040,000. Baada ya miezi 48 itauzwa sh. 200,000. Gharama halisi ni sh. 840,000, yaani sh. 17,500 kwa mwezi.

Kwa hesabu hiyo njia ya kwanza inashinda. Hata hivyo, somo haliishii hapo. Tofauti kati ya njia ya tatu na ya kwanza ni sh. 7,500 kwa mwezi. Ikiwa faida ya doti moja ni sh. 2,500, muuzaji anahitaji kuuza doti 3 za ziada kila mwezi ili kamera bora ijilipie. Akiwa na wateja wa mikoani wanaochagua rangi kwa picha, na wanaorudisha mzigo kwa kuwa rangi ya picha haikufanana na ya kitambaa, doti 3 si nyingi. Akiwa anauza kwa wapita njia peke yao, hizo 7,500 ni za kujionyesha tu.

Kampuni kubwa nayo hushuka

Wapo wanaobaki na aina moja kwa kuamini kuwa kampuni kubwa haiwezi kuwaacha. Historia inasema vingine. Nokia iliongoza soko la simu duniani kuanzia 1998 mpaka ilipopitwa na Samsung mwaka 2012. Biashara yake ya simu ilichukuliwa na Microsoft mwaka 2014, na mfumo wa Windows ulioendesha simu zake janja ukafifia. Tarehe 31 Desemba 2019 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye mfumo huo. LG ilitangaza Aprili 2021 kuwa inaacha kutengeneza simu. Huawei, baada ya kuwekewa vikwazo na Marekani Mei 2019, ilianza kutoa simu mpya zisizo na huduma za Google. Katika hali hizo mteja mwaminifu zaidi ndiye aliyekuwa na mengi ya kuhamisha.

Tahadhari ya simu za mtumba

Anayehamia simu iliyotumika aongeze ukaguzi. Namba ya utambulisho, IMEI, huonekana kwa kubonyeza *#06#. Tanzania ilizima simu bandia usiku wa Juni 16, 2016, na utaratibu wa kuhakiki ni kutuma namba hiyo kwenda 15090. Kwa iPhone, mnunuzi ahakikishe muuzaji ametoka kwenye akaunti yake ya Apple, vinginevyo simu itabaki imefungwa. Pia iPhone 14 na zilizofuata zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina nafasi ya kuingiza laini ya kawaida. Bei yake ndogo mara nyingi ina sababu.

Kwa ufupi

Mnunuzi anashauriwa kufuata hatua nne kabla ya kufika dukani. Kwanza, ahamishe namba zote za wateja kwenye akaunti, na achukue nakala ya WhatsApp, hata kama hajaamua. Pili, aandike bei ya kila simu pamoja na gharama zote za kuhama. Tatu, aondoe bei atakayouzia baadaye na kugawanya kwa miezi ya maboresho iliyobaki. Nne, aulize kama tofauti ya kila mwezi italipwa na mauzo.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, tena haigharimu kitu. Mwenye namba za wateja na kumbukumbu zake mahali salama anaweza kuhama au kubaki kwa hiari yake. Asiye nazo ameshaamuliwa na simu aliyonayo, na siku itakapoibiwa kwenye daladala, daftari lake la wateja litakwenda nayo.